Crispus Mwandawiro, Mpiga Reli wa Stesheni ya Voi

Marehemu Crispus Mwandawiro alizaliwa Mwanda, mtoto wa pili wa mama yetu, mwaka wa njaa kubwa, yaani 1885 kwa hesabu yangu. Tarehe haikuandikwa. Siku hizo watu walikumbuka.

Alisoma misheni ya Bura miaka mitatu, kisha akarudi kuchunga mbuzi wa baba.

Tarehe 6 Juni 1904 aliajiriwa stesheni ya Voi. Wakati huo ilikuwa kibanda cha mbao na mabati, na mbele yake kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye nguzo. Kazi yake ilikuwa kukipiga kwa nyundo: mara mbili gari la moshi likitoka Maungu, upande wa Mombasa, mara tatu likitoka Ndi, upande wa bara. Sokoni watu waliacha bei katikati, wakahesabu. Kila mwezi alizipaka mbao mafuta machafu ya mashine, mchwa wasizile. Hakuna aliyemwagiza.

Mwaka 1909 alimwoa Priscilla, kwa ng'ombe na pombe kwanza, kanisani baadaye. Leo watu huanzia mwisho.

Mwaka 1924 stesheni ya mawe ilikamilika, ikaletwa kengele ya shaba. Jumanne ya kwanza ilipolia, abiria hawakutokea. Bibi Mwanamina, muuza mahamri, alimwuliza Crispus, "Baba Wakesho, mbona Wakristo leo mwasali Jumanne?"

"Hatusali, bibi. Hilo lilikuwa gari lako la Mombasa. Limekwenda."

"Na mahamri haya nimpe nani?"

"Mpe stesheni masta. Kengele ni yake."

Akampelekea kweli. Stesheni masta alikula mawili, akaamuru reli ipigwe tena, na kibanda kisibomolewe maadamu Crispus yupo kazini.

Ndugu yangu aliyashika maneno hayo kama kiapo. Hakuchukua likizo tena. Kifua kilipomshika Novemba 1926, nilimwambia alale nyumbani.

"Kaka," alinijibu, "nikilala mimi, watakilaza na kibanda."

Vijana wa siku hizi huacha kazi kwa mafua.

Alifariki nyumbani kwake Voi, Jumatatu, 14 Machi 1927, saa kumi na mbili asubuhi. Saa mbili karani wa simu alitangaza kwamba gari limetoka Maungu. Nyundo ilikuwa imelala chini. Wakesho, bintiye wa kwanza, aliwaacha wanawake wakilia, akaenda akapiga mara mbili. Watu wakatoka sokoni na mizigo yao kama kawaida.

Stesheni masta alisimama mlangoni. "Nani amekutuma?"

"Gari limetoka Maungu," Wakesho alisema.

Alimtazama kidogo, akarudi ndani. Siku ya pili Wakesho akapiga tena.

Marehemu ameacha mjane, Priscilla. Watoto Wakesho, Mable na Donald. Mimi kaka yake, Josephat. Na kibanda, ambacho hadi asubuhi ya leo kimesimama. Mbao zake hazijapakwa mafuta mwezi huu.

Na apumzike sasa kwa amani. Zamu yake imepokewa.