Gobori Lisilo na Muhuri: Maisha ya Orrin Weyandt, 1946–2024

Orrin Weyandt, tunayemzika leo Jumamosi tarehe 10 Februari 2024, alizaliwa tarehe 11 Machi 1946 hapa Kettle Run, Pennsylvania, akiwa mtoto wa pili wa Amos na Bertha Weyandt. Alikuja wiki tano kabla ya wakati wake, na bibi yake akamlaza katika droo ya kabati karibu na jiko la makaa. Dada yake Vesta, ambaye yuko nasi hapa, husimulia kwamba hakulia. Alishika ukingo wa ile droo kwa vidole vyake vidogo, kama mtu anayepima mbao.

Alisoma shule ya msingi na sekondari katika mji huu, akahitimu Juni 1964. Hakuwa mtu wa vitabu. Mwalimu wa karakana aliwapa wanafunzi kila mmoja kipande cha chuma na tupa, wakinyooshe. Wenzake walimaliza kabla ya kengele. Yeye alimaliza siku ya tatu, na mwalimu alipokilaza chuma chake juu ya kioo, mwanga haukupata pa kupita.

Kuanzia 1965 alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha pampu, hadi kilipofungwa mwaka 1988. Ndipo akageuza banda la nyuma ya nyumba kuwa karakana ya magobori. Magobori ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861, huundwa upya siku hizi Italia, nayo hutufikia yakiwa yanang'aa, yenye jina la kiwanda na namba ubavuni mwa mtutu. Wanaume wetu wanaoigiza vita vile kila kiangazi huona haya kuyabeba hivyo, maana kambini hakuna huruma. "Orrin, njoo umsaidie huyu," walikuwa wakipiga kelele, "gobori lake bado linanuka duka!"

Marehemu aliyafuta majina hayo kwa tupa. Aliondoa vanishi ya kiwandani, akaipaka mbao mafuta ya kitani wiki baada ya wiki, hadi gobori likaonekana limepita katika mikono mingi iliyokwisha kuoza. Lakini alikuwa na sharti. Chini ya mtutu, mahali palipofunikwa na mbao, aligonga muhuri wa herufi zake mbili na mwaka. "Mimi nadanganya macho tu," alisema. "Mwenye bisibisi simdanganyi."

Alifunga ndoa na Lorna Swope tarehe 17 Juni 1972 katika Kanisa la Kilutheri la hapa mjini, wakajaliwa watoto wawili, Marla na Glenn. Lorna alimshonea koti lake la sufu la kambini na kumpelekea supu ya kuku na mahindi katika ndoo. "Mwanamume mzima," alimwambia mbele ya kikosi kizima cha waigizaji, "unalala kwenye tope na nyumbani nimekutandikia!" Kikosi kilicheka, na Orrin akanywa supu yake. Lorna alitangulia mwaka 2011.

Rafiki yake wa maisha alikuwa Delmar Hostler, aliyesimama kushoto kwake mstarini kwa miaka ishirini na sita. Babu wa babu yake Delmar, Josiah, alipigana vita vile, na gobori lake lilipotea kabla ya mtu yeyote aliye hai kuzaliwa. "Hata lingekuwepo lingekuwa nyuma ya kioo," Delmar alikuwa akisema. "Ya kwenye kioo nayatazama tu. Hili lako nalilaza begani, nashuka nalo bondeni mvua ikinyesha, baruti inaniunguza kidevu. Hapo ndipo najua mzee alihisi nini."

Mwanzoni mwa 2009 saratani ilimshika Delmar. Alikuja karakanani akakaa juu ya ndoo.

"Nitengenezee la mwisho. Na usiligonge muhuri."

"Ninagonga yote, Delmar."

"Hili nitakufa nalo, bwana wee. Sitaki mwaka wa siku hizi ulale chini ya mkono wangu."

Marehemu alilitengeneza kwa miezi minne. Delmar alikuwa mfupi, kwa hiyo akapunguza kitako nusu inchi. Hakugonga muhuri. Hilo ndilo kosa la maisha yake, na alilifanya kwa kumpenda mtu. Delmar alifariki Oktoba mwaka huo.

Siku ya Kuwakumbuka Wanajeshi, Mei 2016, marehemu aliingia katika jumba la makumbusho la mji akalikuta gobori lake nyuma ya kioo. Kadi ilisema: *Gobori la Askari Josiah Hostler, 1862.* Watoto wa Delmar walikuwa wamelikuta darini pamoja na barua za mzee huyo, wakalitoa kwa moyo mweupe. Siku hiyohiyo alimwendea Connie, binti wa Delmar.

"Anko Orrin, baba mwenyewe alituambia ni la Josiah. Wiki ile ya mwisho. Unataka kusema baba alikuwa mwongo?"

"Baba yako hakuwa mwongo, mwanangu. Alikuwa anaondoka."

Connie alifunga mlango.

Mwaka uliofuata alipewa nafasi ya kuzungumza mbele ya kamati ya jumba. Alieleza kila kitu. Bi Phyllis Aumen, mwenyekiti, akamuuliza muhuri wake uko wapi, kwa kuwa kila mtu alijua anagonga yote. Akajibu kwamba hili hakuligonga. Akawaomba watazame kitako, kimepunguzwa kwa ajili ya Delmar.

"Bwana Orrin," mtu mmoja akasema kutoka nyuma, "akina Hostler wote ni wafupi!"

Ukumbi mzima ukacheka. Aliomba chuma kipimwe, wakasema hawataruhusu kitu cha thamani kukwaruzwa. Basi akaahidi kutengeneza la pili, linalofanana nalo kabisa, wajionee.

Mikono yake ilianza kutetemeka msimu huohuo, na madaktari wakaupa mtetemeko huo jina: ugonjwa wa Parkinson. Miaka mitatu alijaribu. Tupa ilimteleza. Mtutu wa lile la pili bado umebanwa kwenye jiliwa, una mabonde yanayoonekana kwa macho. Kadiri mikono ilivyotetemeka ndivyo watu walivyosema na akili imeanza kutetemeka. Sisi wanawe pia tulisema. "Baba, achana nalo," tulimwambia mezani, tena na tena, hadi akaacha kulitaja, kisha akaacha kuja mezani.

Alifariki Jumapili tarehe 4 Februari 2024, saa kumi na dakika ishirini jioni, nyumbani kwake. Alituomba jambo moja: haya yaandikwe katika wasifu wake. Ushahidi hatuna.

Alhamisi jumba la makumbusho lilituletea gobori la Josiah Hostler, ili kumheshimu mtu aliyependa bunduki za zamani. Ndilo mnaloliona juu ya jeneza. Glenn alitaka lirudishwe. Marla alilipitishia kiganja mara moja, toka kitakoni hadi mdomoni, akaketi sakafuni. Alikua akishika kazi za mkono wa baba yake: kitanda chake, reli ya ngazi, mpini wa kila kisu jikoni. Huo si ushahidi. Ni mtoto aliyechelewa miaka minane.

Baada ya sala litarudi nyuma ya kioo pamoja na kadi yake. Tuliomba kadi ibadilishwe. Tulijibiwa kwa upole kwamba tumo katika kipindi cha majonzi.

Marehemu ameacha dada mmoja, Vesta Weyandt Kerr. Watoto wawili, Marla na Glenn. Na wajukuu wanne. Mungu ampe Orrin amani ambayo sisi, tuliokula naye, tulimnyima.