Kadi ya Mkwe

Kwenye teksi ya kwenda mtaa wa Mayfair, Mwatumu wa Tanga alimpa simu yake jirani yake wa kiti, Didier, kinyozi Mrundi, amwangalizie kadi za benki zilizohifadhiwa humo. Didier akakuta mbili. "Hii ya pili ina jina la Bakiri, mama."

"Mkwe wangu huyo. Aliagiza chakula kwa simu yangu, akasahau kuiondoa kadi yake."

"Basi naifuta."

"Ngoja kwanza, mwanangu. Bado inalipa?"

Didier akashusha sauti, kana kwamba mwizi ni yeye. "Inalipa. Lakini kadi si yako."

"Simu ni yangu."

Kidole cha Didier kilikuwa kingali juu ya neno "Futa" teksi iliposimama. Mwatumu akaichukua simu taratibu, akashukuru, akashuka mbele ya duka la vitenge.