Stephen Mwambingu, Fidla Yake na Mbwa Wake Watatu

Marehemu Stephen Mwambingu alizaliwa Chawia tarehe 3 Machi 1909, mtoto wa kwanza wa mzee Kilelu na mama Mkawasi. Mimi ninayesoma wasifu huu ni Elsie, mdogo wake. Nimeombwa nilainishe maneno. Nimekataa.

Alisoma Bura hadi darasa la nne. Mwalimu alimrudisha nyumbani mara mbili kwa kuja darasani na mtoto wa mbwa ndani ya shati. Mwaka 1928 aliajiriwa stesheni ya Voi kupakia mizigo, baadaye akawa mlinzi wa bohari. Tarehe 12 Mei 1934 alifunga ndoa na Gertrude Wakio katika kanisa la Bura, wakajaliwa mabinti wawili, Dinah na Mable.

Mwaka 1947, akiwa na miaka thelathini na minane, alianza kujifunza fidla. Mwalimu wake alikuwa Munyao, fundi wa reli aliyerudi nayo kutoka vitani. Munyao alikuwa akimwambia, "Bwana Stephen, huo ni upinde, si jembe. Ulegeze mkono." Miezi sita nyumba ile haikukalika. Mbwa wake watatu, Soja, Simba na Tembe, walikaa mbele yake wakisikiliza, na alipokosea, Soja alilia. Kaka alicheka mpaka machozi. "Huyu ndiye mwalimu mkali," alisema. Siku alipomaliza wimbo mzima bila Soja kulia, alimbeba akazunguka naye uani kama bwana harusi.

Jumamosi tarehe 6 Agosti 1955 aliwakuta wote watatu wamekufa shambani, povu mdomoni. Walikuwa wamezoea kufukuza mbuzi wa jirani yetu, Zephaniah Mwasaru, kutoka kwenye maharagwe yetu. Siku ya pili Mwasaru alijisifu hotelini mbele ya watu: "Niliwapa nyama yenye dawa. Sasa fidla yake italia peke yake."

Kaka hakumpiga. Alitunga wimbo wa kuchezea, mwepesi, ambao hata mtoto angeushika, akauita "Nyama ya Mwasaru." Aliupiga kila harusi, Voi, Bura na hapa Chawia. Kwenye harusi moja ya Bura Mwasaru alikuwa akigawa nyama. Fidla ilipoanza, mama mmoja aliinua sahani yake akauliza, "Hii nayo ni ya Mwasaru?" Watu wote waliweka sahani chini. Mwasaru alipotaka kuchaguliwa mzee wa kanisa, hakuna aliyenyoosha mkono. Mwaka 1957 alihamia Mahoo. Kaka alipakia fidla, akaenda kupiga Mahoo pia. Nami nilikwenda, nikaimba kwa sauti yangu yote.

Mwezi wa Februari mwaka huu kifua kilimshika, akalazwa hospitali ya Wesu. Mwasaru alikuja na padre. Padre akasema, "Stephen, mwenzako anaomba msamaha." Kaka alimtazama Mwasaru.

"Maharagwe nimekusamehe," akasema. "Ya Soja, Simba na Tembe si yangu kusamehe. Nenda kawaombe wao."

Mwasaru alilia. Kaka aligeukia ukutani. Aliugua miezi minane, akafariki Jumanne tarehe 14 Oktoba 1958, saa nne asubuhi, mkono wake mikononi mwa Gertrude.

Ameacha mjane, Gertrude, mabinti, Dinah na Mable, dada, mimi, rafiki yake Munyao, na paka mmoja aliyekataa kula tangu Jumanne.

Zephaniah Mwasaru, nimekuona umesimama nyuma ya wanakwaya. Udongo wa kaburi hili usiuguse. Rudi Mahoo.

Kaka yetu alale kwa amani. Mimi sijalala.