Katana Nzai na Mashua za Nyuzi za Kioo

“Hapa ni matangani, Kadii, si darasani, hizo habari za gundi zifute,” alisema mzee Kombe, mdogo wa marehemu, asubuhi hii, naye binti wa marehemu akamjibu, “Baba mdogo, nikizifuta nitakuwa nimeandika maisha ya mtu mwingine,” wakavutana hivyo mpaka jeneza likafika uani, kwa hiyo mtuwie radhi, historia hii inasomwa kama ilivyoandikwa.

Katana Nzai alizaliwa Ganze mwaka 1942, akasoma hadi darasa la nne, akaja Malindi kujifunza useremala wa mashua, na mwaka 1968 akamwoa Hannah, wakajaliwa watoto watano, wa kwanza akiwa Kadii, aliyeacha shule mwaka 1985 baba alipoanza kuugua, akawa msaidizi wake karakanani.

Mwaka 1974 marehemu aliacha mbao akashika nyuzi za kioo, na tangu hapo hakupumzika kueleza kwamba kitambaa cha nyuzi hizo hulazwa ndani ya kalibu yenye umbo la mashua, kikapakwa gundi iliyotiwa dawa ya kuigandisha, tabaka juu ya tabaka, nyuzi zikitia nguvu na gundi ikizishika pamoja, mashua ikatoka nyepesi, isiyooza wala kutobolewa na wadudu wa baharini, na ikipasuka huzibwa kwa kitambaa kilekile. Bado watu walimwuliza kama mashua ya kioo haivunjiki, naye kila mara aliweka brashi chini, akashusha pumzi, akaanza upya.

Mzee Kombe alimsaidia siku moja, akamimina dawa bila kipimo, ndoo ikafuka moshi na brashi ikagandia humo humo, akaenda kutangaza Gede nzima kwamba gundi ina shetani. Sasa anasema ndiyo iliyomwua ndugu yake, na kwamba kalibu ichomwe leo baada ya mazishi, ilhali daktari alisema wazi ni figo, na mashua ya mteja wake, Omar wa Mambrui, ingali ndani ya kalibu hiyo, haijakamilika.

Marehemu alilazwa tarehe 3 Machi 1987, akafariki tarehe 9. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa mtaa wa Barani waliotupikia, mafundi wenzake waliobeba jeneza, na Omar kwa subira yake.

Pumzika sasa, Katana, hakuna atakayekuuliza tena.

Na kwa kuwa mzee Kombe anadai hakusikia wasia wa marehemu, Hannah na Kadii walikuwapo marehemu alipokuwa akiingizwa wodini, akawasimamisha wauguzi mlangoni, akamgeukia mdogo wake: “Kombe, tabaka la mwisho atalitia Kadii. Wewe mletee chai.”