Vitasa vya Ngome ya Mavisa

Tarehe 30 Septemba 2003, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Papa Kasonia Shadrak anaiaga ngome ya Mavisa, juu ya mtaa wa Bungulu, na ngome bado imesimama. Kwa anayejua tulikopita katika vita hivi, hayo peke yake yangetosha kuwa wasifu. Lakini mwenyewe anapenda hadithi ndefu, basi tumpe haki yake.

Aliajiriwa mwaka 1972 kuwa mlinzi wa ngome hiyo, ambayo Wabelgiji waliijenga kuchunga mpaka wa Uganda: ukuta wa matofali yaliyoshikwa kwa udongo, mabweni ya askari, ghala la baruti na chumba chenye kidirisha kimoja, yaani jela. Wengi mjini walitaka ibomolewe, na walikuwa na sababu, maana wazee wetu waliyabeba matofali yale kwa kulazimishwa. Baba yake Papa Kasonia alifungwa humo kwa kukataa kubeba. Papa Kasonia alipoulizwa kwa nini anatunza nyumba ya mateso, jibu lilikuwa moja tu: "Tukibomoa, batoto bangu batajua namna gani fasi baba alilalaka?"

Hakuanza vizuri, tuseme ukweli. Mwaka wake wa pili alipiga lipu ya saruji ukuta wote wa mashariki, akavaa koti la Jumapili kuwaonyesha wageni. Mvua ikaingia nyuma ya saruji, maji yakakosa pa kutokea, na nusu ya ukuta ikalala bustanini. Tangu hapo amerudia udongo wa kichuguu, uliokanyagwa kwa miguu. Koti lile hatukuliona tena.

Vita vilipofika, kila kundi lililoingia lilipandisha bendera yake na kulala mabwenini. La kwanza lilichoma milango yote kupikia maharage. Papa Kasonia aliokota vitasa kwenye majivu, akavipaka mafuta ya mawese, na funguo akaendelea kuzivaa kiunoni. Mkewe, Mama Kavira, alilalamika kila mahali kwamba ameolewa na mtu mwenye funguo nyingi na mlango hata mmoja hana.

Askari hakuwakimbia. Aliwaingiza kwenye salongo, ile kazi ya pamoja ya kila Jumamosi: aliyelala chini ya paa la ngome alikanyaga udongo, awe na cheo chochote. Ukuta wa kaskazini ulitengenezwa na kundi moja, wa kusini na kundi lililolifukuza, na leo huwezi kuona tofauti.

Mwaka 2001 kamanda mmoja aliagiza mabati ya bweni yang'olewe, akaezekee nyumba aliyokuwa akijijengea mjini. Bila paa, ukuta wa udongo usingemaliza mwezi. Tuliogopa sana, na mimi Léa, karani wa ofisi ya ngome, nilijificha nyuma ya ghala. Papa Kasonia alimletea kamanda ngazi kwa mikono yake mwenyewe.

"Chef, panda," alimwambia, akiwaonyesha askari kwa kidole. "Lakini kwanza onyesha basoda bako fasi batalala leo. Mvua iko inakuja."

Kamanda alitazama mawingu, akatazama vijana wake waliokuwa bado na udongo hadi magotini, nao walikuwa wanamtazama yeye. Alisema ataangalia jambo hilo siku nyingine. Ngazi tunaitumia mpaka leo.

Wiki iliyopita milango mipya ilifika kwa lori kutoka Butembo. Fundi Muyisa wa mtaa wa Mususa, hukohuko, aliichonga kwa kufuata vitasa vile vya zamani. Papa Kasonia alizunguka akifunga mmoja mmoja, na kila ufunguo uligeuka. Mama Kavira alianzisha wimbo wa kwaya, sisi tukapiga makofi, na kulia tulilia.

Ukabaki mlango wa jela. Kitasa chake kilikuwepo, kimesafishwa kama vingine, lakini alikuwa amemkataza fundi kukitia. Alimkabidhi Kanyere, mlinzi wetu mpya, funguo zote, ila ule wa jela akautia mfukoni mwake.

"Huu mulango," alimwambia, "hapana kuufunga tena."

Papa Kasonia, asante kwa kuta na kwa kicheko. Nenda kijijini Kipese kwenye viazi vyako, uishi miaka mingi yenye afya na amani; saruji tutaificha. Na siku ukitukumbuka, njoo na wajukuu. Chumba alicholala baba yako watakikuta wazi.