Njuga Ndani ya Kikombe cha Clell

Kijiwe cha Laurel Fork, bondeni kwenye milima ya Marekani, ni kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi bovu la shule, kikawekwa barazani pa duka la Ova. Ukutani kuna misumari, na kila mwanakijiwe ana msumari wake na kikombe chake. Ukigusa cha mwenzio umetafuta ugomvi. Ijumaa hiyo asubuhi Clell, mpiga banjo, alitungua chake ili Ova ammiminie kahawa, akakuta ndani njuga za nyoka, zile za mkiani anazozitikisa kabla ya kuuma, vipingili kumi na kimoja vimekauka. Hakuna aliyecheka. Njuga zile zilikaa miaka hamsini ndani ya fidla ya mzee Burl, mwanakijiwe wa nne, ambaye asubuhi hiyo hakuja, na dansi anayoipigia ilikuwa kesho.

— Kazitoa! Dinamiti alipiga kelele. Ujanani alilipua miamba migodini, na mpaka leo anaongea kama kiziwi. Fidla bila njuga, aliendelea, si panya watazalia humo?

— Kaokoka huyo, alidakia Shemasi. Miaka yote namwambia, ondoa nyoka kwenye hilo sanduku la ibilisi.

— Wapi! Dinamiti alibisha. Jumapili hakuonekana kanisani hata kivuli.

— Kaokokea nyumbani.

— Acha hizo, Shemasi. Mtu anaokokea jikoni, peke yake?

— Haya, sema wewe basi, bingwa.

— Kauza fidla. Yule jamaa wa mjini aliyekuja na kinasa sauti kurekodi nyimbo za mzee kaichukua, njuga kaziogopa.

— Jamaa aliondoka mikono mitupu, Ova alisema huku akimimina. Nilimwona mimi kwa macho yangu.

— Basi ni nyoka mwenzake! Yule mwenye njuga aliacha mjane, bwana. Kaja kudai mali ya marehemu.

— Mjane wa miaka hamsini?

— Nyoka hazeeki kama wewe, Shemasi.

Walicheka, ila Clell hakucheka. Miaka thelathini amekaa kushoto kwa Burl, jicho kwenye mkono wa mzee unaoendesha upinde wa fidla, na tangu masika alijua jambo ambalo hawa hawakulijua: vidole vya Burl vilikuwa vimekufa ganzi. Nyimbo zilianza kupungua vipande, na Clell akawa anaziba mapengo kwa banjo ili watu wasigutuke. Burl akiacha, dansi imekwisha. Banjo peke yake haiwezi kuwainua watu vitini, na fidla nyingine bonde zima hakuna.

Labda ile ya marehemu baba yake. Hiyo Clell alikuwa akiikwaruza kwa siri miaka miwili sasa, ndani ya ghala la tumbaku, mlango kaufunga kwa komeo. Hata mkewe hakumwambia. Mtu wa miaka sitini na tatu anajifunza fidla! Wangemcheka mpaka kaburini.

Hapo akapanda barazani Twila, mleta barua mgeni, hana hata mwezi pale. Aliwasikiliza, akatazama ukuta.

— Samahani, wazee wangu. Misumari iko minne. Kwa nini kaziweka kwenye kikombe cha huyu?

Dinamiti alihesabu misumari kwa kidole. Shemasi akawa anachungulia kahawa yake. Clell alilikumbuka ghala lake: ghala la tumbaku hujengwa kwa mbao zilizoachiana nafasi, majani yapate hewa. Na ng'ambo ya kijito, hatua mia mbili tu, ni baraza la Burl, ambako mzee hukaa kila jioni, akisikia kila mkwaruzo. Masikini ya Mungu, miaka miwili alikuwa amejifungia ndani ya tenga!

Kumbe mzee alikuwa anamkabidhi dansi. Alizifunga njuga kwenye leso, akazitia mfuko wa shati. Aliposimama zililia.

— Dada Ova, alisema. Nyuzi za fidla bado unazo?

Ova alikuwa ameshafika mlangoni.

— Ninazo. Nilikuwa najiuliza utaniomba lini.