Makombe Yetu Hayajatimiza Arobaini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mama yetu,

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi kwa wote. Sisi wanawake kumi na mmoja wa kikundi cha Kadi za Ufukweni, hapa Mbegani, tumefurahi mno kukuona. Mwenyekiti wetu, Bi Hija, alianza kufurahi tangu jana. Uwanja ameufagia mara tatu, na leo kaufagia tena. Ukisikia harufu ya ndimu, ni sisi. Tunaoshea magamba ya samaki.

TULIKOTOKA

Miaka mitano iliyopita tulikuwa tunapara samaki mnadani, magamba tunatupa. Siku moja Bi Adila akayaosha, akayapaka rangi, akabandika ua juu ya karatasi ngumu na kumpa mkwewe siku ya Idi. Mkwe akalia. Tangu hapo gamba halitupwi. Nyuzi za nyavu zilizochakaa, mwani tunaoukausha katikati ya magazeti, makombe ya konokono wa pwani, vyote vinaingia kwenye kadi.

Kosa letu hatulifichi. Mwaka ule wa kwanza Bwana Nasser, muuza vitambaa wa Bagamoyo mjini, alituagiza kadi za harusi ya binti yake, Mayasa. Kwa pupa, Bi Zuleha akaokota makombe asubuhi, mchana tukayabandika, jioni tukapeleka. Siku ya pili simu ikaita.

"Bi Hija, kadi zenu zinanuka! Na moja inatembea juu ya kabati!"

"Inatembea vipi, Bwana Nasser?"

"Kwa miguu!"

Ndani ya kombe mlikuwa na kaa mdogo, mzima wa afya, anaondoka na jina la bibi harusi. Tuliona aibu, tukazitengeneza zote upya. Mayasa alicheka mpaka machozi, akaomba kaa arudishwe baharini.

Sasa kila kombe tunalifukia mchangani, nyuma ya chumba chetu, siku arobaini, mpaka wadudu wamalize nyama yote. Ndipo tunalifukua na kuliosha. Halijatimiza arobaini, halitoki. Bi Zuleha ndiye mkuu wa mazishi, na hataki msaidizi.

TULIPOFIKA

Leo kadi zetu zinaalika watu harusini mpaka Mapinga. Bi Zeyana huwapelekea nduguze Maskati kila Idi. Mzee Maulidi wa Miono hana habari na simu, lakini kadi ya harusi ya mjukuu wake ameitundika juu ya kitanda. Tunajivuna, Mama. Watu waliokuwa wakitukwepa kwa harufu ya samaki sasa wanatuuliza nani katengeneza hiki.

KINACHOTUSUMBUA

Ni kimoja tu. Tunafanyia kazi kwenye chumba cha mizani ya zamani ya samaki, na tumeletewa barua ya ofisi yako kwamba mwisho wa mwezi huu kitakuwa stoo ya viti, na uwanja wa nyuma utamwagiwa zege. Viti vyenyewe ndivyo hivi tulivyokalia. Ni viti vizuri, hatuna ugomvi navyo.

Tulijaribu kuhamia ufukweni siku moja. Upepo ukatuchukulia kadi ishirini, tukazikimbiza na madera yetu mpaka tukaingia majini. Na chini ya ule mchanga wa nyuma yamelala makombe yote ya kadi za Idi. Leo yana siku kumi na tisa. Zege likimwagwa, Idi hii hatuna kadi, na kikundi hakina pa kwenda. Tunaogopa, tunakwambia wazi. Bi Hija ana miaka sitini na minane, na anasema kurudi kupara samaki hawezi tena.

TUNACHOOMBA

Hatuombi fedha wala jengo jipya. Tunaomba viti vitafutiwe pengine, sisi tubaki.

Mwisho, pokea zawadi yetu. Ni kadi, tumeshirikiana kuitengeneza sote kumi na mmoja, kila mmoja kaweka kombe lake. Ukiifungua utaona ndani hatukuandika hata neno moja. Si kwamba tumesahau. Hapo tumekuachia wewe uandike jibu lako, Mama. Kalamu anayo Bi Adila, chai ipo ya kutosha, na sisi hatuna haraka.

Mwenyezi Mungu akuzidishie afya, akurudishe salama kwa wanao, na aujalie mkono wako wepesi wa kuandika.

Ni sisi,
Kikundi cha Kadi za Ufukweni, Mbegani.
Imesomwa na katibu, Saida.